Pua ya Yadi

Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya gari la mtu mwingine na kuvuta pumzi. Watu wakiniuliza nafanya nini, nilikuwa nawaambia naosha magari, maana ukieleza zaidi ya hapo mtu anaanza kukutazama kama unamtania. Waoshaji wengine pale yadini walikuja na kuondoka. Mimi nilikaa miaka kumi na moja, na jina langu nililopewa na mama yangu hakuna aliyelijua. Niliitwa Pua.

Yadi ya kuuza magari yaliyotumika ilikuwa kando ya barabara kubwa, imezungushiwa ukuta, na mbele ilikuwa na sakafu ya vigae ambapo magari yalipangwa yakitazama wapita njia. Nyuma ya ofisi kulikuwa na ua ambao mteja hafiki. Hata choo cha wateja kilijengwa mbele kwa makusudi, asije mtu akapotea akatokea uani, akaona gari la kifahari limekaa chini halina viti, milango wazi, na kapeti zake zimeanikwa ukutani kama mablanketi ya bweni.

Kila mteja alikuwa na swali lile lile. Analizunguka gari mara tatu, anapiga tairi teke, anasoma bei iliyobandikwa kiooni, anaisoma tena, halafu anauliza kwa sauti ya chini kama anaogopa gari lisisikie.

"Mbona bei ya kutupa hivi?"

Mwenye yadi, ambaye sote tulimwita Tajiri, alikuwa anacheka kwanza. "Bosi wangu, wenye pesa wana ugonjwa mmoja. Gari likifika miaka mitatu hawalitaki tena, wanaona aibu mbele ya majirani. Wao wakitupa, sisi tunaokota."

Mteja naye anacheka, kwa sababu amekuja akiwa anataka kuambiwa hivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba yako magari ya kifahari yanayouzwa rahisi kwa sababu ya kueleweka. Mengine giaboksi inakata roho. Mengine yamebebwa na mifuko ya upepo badala ya springi za chuma, na mfuko mmoja ukitoboka, mwenyewe akaulizia bei ya mpya, anarudi nyumbani kimya. Taa moja ya mbele ya gari la namna hiyo, pesa yake unapata gari dogo zima na mafuta ya kulipeleka nyumbani. Mtu akishaelewa hesabu hiyo, analiuza haraka kabla halijamvua nguo. Hayo ndiyo yalikuwa magari yetu ya heshima. Yaliyotulisha ni yale yaliyozama.

Yalitoka kwenye miji iliyofurika. Gari linalala ndani ya maji siku mbili, watu wa bima wanamlipa mwenyewe na kuliandika kuwa limekufa, kisha linauzwa karibu na bei ya chuma chakavu. Tajiri alikuwa analinunua, na karatasi zake zilipita njia ambazo sikuziuliza. Gari dogo la kawaida likizama unaweza kulikausha likaendelea na maisha. La kifahari haliwezi. Lina vikompyuta vidogo chini ya viti, chini ya kapeti, ndani ya milango, kila kimoja kinazungumza na mwenzake kwa nyaya nyembamba, na maji ya matope yakishaingia kwenye maungio, kutu inaanza kula taratibu. Linawaka. Linakwenda. Baada ya miezi minne, au saba, kioo kinashuka chenyewe mvua ikinyesha. Baadaye taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja. Mwisho linasimama katikati ya barabara na hakuna fundi anayeelewa limepatwa na nini. Aliyelinunua ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliyelifua hilo gunia ni mimi.

Yadini hatukusema gari limezama. Tulisema linaumwa. Likishaoshwa na kukauka, tulisema limepona.

Kuosha kwenyewe kulikuwa kazi ya wiki mbili. Tunang'oa viti, kapeti, na sponji iliyo chini ya kapeti, ambayo ukiikamua leo inatoa maji na kesho inatoa tena. Reli za viti nilizisugua kwa mswaki wa meno. Mkanda wa kiti niliuvuta mpaka mwisho kabisa, kwa sababu kule mwisho ndiko mstari wa matope unakojificha, na ni mtu mmoja kati ya mia anayevuta mkanda mpaka huko. Chini ya tairi la akiba kunabaki mchanga laini kama unga, unautoa kwa kitambaa kilicholowa siki, unarudi kesho unaukuta umetoka sijui wapi. Kisha siku kumi za jua.

Halafu linakuja jaribio. Siku hiyo mimi sipaki mafuta mwilini, sinywi chai, sili kitunguu. Gari linafungwa vioo vyote asubuhi na kuachwa juani mpaka saa saba, bila manukato yoyote ndani, mpaka usukani haushikiki. Saa saba naingia kiti cha mbele, nafunga mlango, nafumba macho, navuta pumzi kwa pua mara saba. Nikitoka nasema neno moja kati ya mawili: "bado" au "limepona". Nikisema bado, viti vinang'olewa upya, na hata Tajiri hakunibishia. Nikisema limepona, linasukumwa mbele kwenye vigae siku hiyo hiyo. Tajiri aliwaambia wateja kwamba mama huyu pua yake haijawahi kukosea, nao walidhani ni maneno ya kufurahisha genge.

Najua mnataka kuniuliza kama nilikuwa naona vibaya. Mwanzoni niliona. Nilikuwa naangalia mikono ya mnunuzi anapopewa funguo, nikijua siku zake zinahesabika, na nilikosa usingizi. Kufika mwaka wa tatu hivi, hali hiyo ikakoma. Sikuamua. Ni kama mguu uliokaliwa vibaya, unauma weee, halafu unakufa ganzi na unasahau kwamba una mguu. Wanunuzi walikuwa watu wa mbali, siwajui, hawanijui. Nilipokea mshahara, nikapika, nikalala. Mume wangu alikuwa ameondoka zamani kwenda kununua betri za redio, na mpaka leo nadhani bado anachagua, kwa hiyo hata nyumbani hapakuwa na mtu wa kunihoji.

Pua iliondoka baada ya homa. Niliugua wiki moja, nikapona, nikanywa chai nikaona ninakunywa maji ya moto. Nikasema itarudi. Nikanusa sabuni, nikanusa petroli, nikanusa kwapa zangu mwenyewe. Hamna kitu. Siku moja nikaunguza maharage mpaka jirani akaja kugonga mlango kwa ngumi, nami nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka jikoni nashona kifungo, moshi umenizunguka nadhani ni macho yangu yamezeeka. Daktari wa zahanati akaniambia inaweza kurudi na inaweza isirudi. Nikamshukuru. Sikulia wala sikumwambia mtu, kwa sababu yadi yenye Pua asiyenusa itamfanyia nini? Ningemwaga unga wiki hiyo hiyo.

Nikatafuta njia. Pale yadini tulikuwa na fundi umeme, mtu mwembamba mwenye masihara, ambaye uso wake hauwezi kuficha kitu. Akipewa chai isiyo na sukari unajua kabla hajaishusha. Nikamwambia Tajiri kwamba siku ya jaribio nataka fundi umeme akae na mimi ndani, upande wa usukani, awashe feni nikimwambia. Tajiri hakuona neno. Basi nilikuwa nafumba jicho moja, na kwa jicho la pili namwangalia fundi. Gari likiwa na harufu hata kidogo, pua yake inakunjamana kama ya mtoto aliyeonyeshwa dawa chungu. Nami nasema bado. Uso wake ukiwa umetulia, nasema limepona. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili, na sikukosea hata mara moja.

Kisha likaja gari jeusi.

Lilikuwa kubwa, refu, la viti vya ngozi rangi ya maziwa, gari ambalo hata likiwa limezimwa linaonekana lina haraka. Lilikuwa limezama mpaka kwenye usukani. Tulilitibu siku kumi na tisa. Siku ya jaribio nikaingia, fundi akakaa pembeni yangu akiwa ameinamisha kichwa kidogo, jasho linamtiririka, uso umetulia kabisa. Nikavuta pumzi zangu saba ambazo hazikuniambia kitu. Nikatoka, nikasema limepona.

Jumapili iliyofuata, mchana, mdogo wangu akaja nyumbani kwangu.

Huyu ni mdogo wangu wa pekee. Tumepishana miaka tisa, na nilimbeba mgongoni mpaka watoto wenzangu wakanitungia utani kwamba nimezaliwa na kibiongo. Alikuwa dereva wa ofisi moja, anaendesha wakubwa asiowajua majina. Alikuwa anaishi na mkewe kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoiacha baba. Nyumba ilikuwa yetu sote, lakini alipooa nikamwachia sehemu yangu, tukaandikishana, yakaisha. Wifi yangu alikuwa mjamzito wa miezi saba, mimba ya kwanza baada ya miaka mitatu ya kungoja.

Mdogo wangu hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, anacheka peke yake.

"Dada, nimepata gari."

"Gari gani?"

"Jeusi. Kubwa. La kubeba maharusi, la kupokea wageni uwanja wa ndege. Nikilikodisha wikiendi tu, kazi ya watu naacha. Na unajua lipo wapi? Lipo kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Yadini, dada. Nilikuwa natazama tu kwa nje, Tajiri wako akanifungulia mlango. Bei siamini. Nikamuuliza, hili lina nini? Akaniambia limepita kwa Pua. Nikamwambia basi, kama limepita kwa dada yangu, mimi sina swali tena."

Nikamuuliza pesa ametoa wapi. Akaniambia amepata mtu wa kununua nyumba ya baba. Alisema hivyo akiangalia dirishani. Watapanga chumba kwa mwaka mmoja, gari litawajengea nyumba nyingine, kubwa kuliko ile. Jumamosi asubuhi wangelipia gari, na jioni angekabidhi nyumba.

"Wifi anasemaje?"

"Mjamzito huyo, dada. Siku hizi hata mto wa kulalia unamkosea adabu."

Pale ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, chumba kilikuwa changu, mtu alikuwa mdogo wangu. Ningesema gari hilo lilikuwa chini ya maji, nimetoa matope yake kwa mswaki. Nilichomwambia ni "fikiri vizuri". Akacheka, akanibusu paji la uso, akaondoka. Nikaosha kikombe ambacho hakukinywea. Nilijaribu kuogopa na woga haukuja. Nilijiambia uso wa fundi ulikuwa umetulia, na yako magari yaliyozama yakaishi miaka miwili, hata mitatu. Niliyajua mawili.

Kesho yake fundi umeme alifika kazini amechangamka, anapumua kwa mbwembwe kama mtu aliyetoka kifungoni.

"Leo ndiyo nasikia harufu ya dunia," akasema. "Mafua yalinikaba wiki nzima, hata petroli sikuisikia. Nilikuwa naonja nyaya kwa ulimi."

Nikamuuliza wiki ipi. Akasema hiyo hiyo iliyopita. Kisha akashusha sauti.

"Pua, hebu nieleze kitu. Asubuhi nimefungua lile jeusi nifunge betri. Linanuka mtaro. Lilikupita vipi?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye kwa urahisi ambao sikuupata kwa mdogo wangu. Alinisikiliza bila kunikatiza, bisibisi mkononi.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa pili."

"Kwa hiyo miaka miwili nimefanya kazi mbili kwa mshahara mmoja," akasema. Halafu akaona sicheki, akaacha masihara. "Mwambie Tajiri lirudi uani."

Nikaenda ofisini. Nilimwambia Tajiri lile jeusi nimekosea, bado. Alikuwa anasaini makaratasi, hakuinua kichwa.

"Limeshapata mtu."

"Najua. Ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana siogopi," akasema. "Mtu baki akiharibikiwa analeta polisi. Ndugu anakuja kwako, mnalia pamoja, yanaisha. Mwambie fundi aweke manukato mawili, moja mbele, moja kwenye buti."

Nikamwambia fundi, naye akayaweka bila kuniangalia. Siku tano zikapita. Sikumpigia simu mdogo wangu. Nilikuwa naishika, naitazama, naiweka. Sitaki kujitetea. Nasema tu ilivyokuwa.

Jumamosi walikuja wote wawili saa tatu. Mdogo wangu alikuwa amevaa suruali ya harusi yake. Wifi alikuwa amevaa kandambili kwa sababu miguu imevimba, na anatembea ameshika kiuno. Tajiri aliwapokea kama wakwe. Gari lilikuwa limeng'arishwa mpaka unajiona. Mdogo wangu akamfungulia mkewe mlango wa nyuma kwa madaha, kama anavyowafungulia wakubwa wake, wifi akaingiza kichwa, na akakitoa hapo hapo.

"Linanuka," akasema.

"Hayo ni manukato."

"Chini ya manukato. Linanuka tope lililokaa."

"Mke wangu, juzi ulisema mimi nanuka shaba."

"Na lile gari la baba yangu lilikuja kunuka hivi hivi," wifi akasema. "Harufu hii hii. Mama alisema, hakuna aliyemsikiliza. Sasa liko uani kwa wazazi wangu limefunikwa turubai, kuku wanataga humo ndani."

Alipolitaja lile gari, nikalikumbuka. Lilikuwa la kijivu. Miaka minne nyuma mdogo wangu alikuwa bado mchumba, na alitaka kumfurahisha mkwe, akamleta mzee pale yadini. Mzee alikuwa ametoka kupewa kiinua mgongo chake baada ya miaka thelathini ya kufundisha. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, wewe uko ndani hapa, unashauri vipi?" Nami nikamwambia limepona, ingawa yeye hakujua neno hilo lina maana gani, akadhani ni namna yangu ya kusema ni zima. Likazima mwezi wa tano. Aliuza viwanja kulitengeneza, halikutengenezeka. Siku hizi haji mjini.

"Mzee hakujua kulitunza," mdogo wangu akasema. "Haya magari yanataka mtu anayejua. Na tusibishane hapa mbele za watu. Dada yuko pale. Muulize dada."

Wifi akanigeukia. Tajiri naye akanigeukia, anatabasamu. Fundi umeme alikuwa kwenye mlango wa uani, akatazama chini.

"Wifi, wewe niambie," wifi akasema. "Wewe ukisema ni zuri, mimi nafunga mdomo."

"Limepona," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Mdogo wangu akapiga makofi mara moja, akamshika Tajiri bega, wakaingia ofisini. Wifi hakubishana tena. Aliketi pole pole kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kivulini, akaweka mkoba mapajani.

"Haya," akasema, si kwangu hasa. "Chumba tulichopata hakina dirisha. Nilikuwa nimeshapaka rangi kile cha kwetu, cha mtoto. Nilipaka mwenyewe, huku nimekaa kwenye stuli." Akaufunga mkoba. "Ile rangi ataikuta mtu mwingine."

Hakusema ili kunichoma. Angesema ili kunichoma, nafikiri ningebaki nimesimama pale pale. Alisema kama mtu anayehesabu vitu alivyosahau nyumbani. Nikaona kitu kinanipanda, kizito, kinachouma, na ilinichukua muda kukitambua kwa sababu tulikuwa hatujaonana siku nyingi. Ilikuwa huruma. Nikaingia ofisini bila kubisha hodi.

Funguo zilikuwa mezani. Mdogo wangu alikuwa ameshika kalamu, anatafuta mahali pa kusaini.

"Usisaini," nikasema. "Lilizama. Lilikuwa ndani ya maji mpaka kwenye usukani. Nililiosha mimi."

Tajiri akacheka. "Dada yako leo ana utani."

"Vuta mkanda wa nyuma mpaka mwisho, ule wa katikati. Sikuufikia wote. Utaona mstari." Kisha nikasema na lingine, nisije nikalimeza tena. "Na pua sina. Mwaka wa pili huu sisikii harufu ya kitu chochote. Naangalia uso wa fundi."

Nilidhani hilo ndilo litamwangusha Tajiri kutoka kwenye kiti. Akafunga tu kalamu yake.

"Hilo nalijua tangu mwaka jana," akasema. "Ulikula wali uliochacha hapa mbele yangu, ukamaliza sahani. Unadhani nilikuweka kwa ajili ya pua? Gari likinuka naweka manukato. Mimi nilihitaji mtu mwenye sura ya kanisani wa kusimama pale nje na kusema ni zuri. Na ulikuwa unasema vizuri sana."

Mdogo wangu alikuwa hajaitua kalamu. Alinitazama kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Sasa hivi, dakika tano hazijapita, umesema limepona."

"Nimesema."

"Usingeingia, ningekuwa nimeshasaini?"

"Ungekuwa umeshasaini."

Akaweka kalamu mezani, sambamba na karatasi, kwa uangalifu mkubwa. Nilitaka kumshika, nikaona sina haki hiyo.

Wifi alikuwa mlangoni. Sikusikia anakuja, kandambili hazina kishindo. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, na hakumtazama mumewe wala Tajiri.

"Wifi," akasema. "Umesema pua huna mwaka wa pili."

"Ndiyo."

"La baba ni miaka minne."

Nje gari lilipita barabarani likipiga honi, na Tajiri akasogeza funguo zake karibu, akaziweka kwenye droo.

"Wakati ule pua ulikuwa nayo?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Ni jambo la kawaida, watu wanasahau.

"Nilikuwa nayo," nikasema. "Siku ile lilikuwa halinuki kitu. Lakini nilijua lilizama."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu dirishani kwenye ofisi ya serikali. Akasema "haya", akageuka. Mdogo wangu akamfuata. Walivuka vigae polepole kwa sababu ya miguu ya wifi, mdogo wangu akimshika kiwiko, mpaka getini, na hakuna aliyegeuka.

Sikurudi yadini. Siku hizi nasafisha madarasa kwenye shule ya jirani, mchana, watoto wakishatoka. Nyumba ya baba haikuuzwa. Hilo nililisikia kwa fundi umeme, ambaye anapita huko kikazi, na ni yeye pia aliyeniambia kwamba wifi amejifungua salama, mtoto wa kike, na kwamba kuna pazia la njano kwenye dirisha la chumba kile. Nikamuuliza mtoto anafanana na nani. Akasema hakuingia ndani.

Mtoto sasa ana miezi mitano. Mimi ndiye shangazi yake, hana mwingine. Sijaitwa kumwona.